Mapenzi Kama Chanzo cha Vita: Helen, Paris na Shaka ya Wagiriki wa Kale

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna waandishi wa Ugiriki ya kale walivyoihoji simulizi ya Helen na Paris, ambayo kwayo vita vya Troy vilizuka kwa sababu ya mapenzi ya watu wawili. Makala yanajenga hoja kwamba simulizi hiyo iliyafunika maamuzi ya watawala kwa kumtwika lawama mwanamke mmoja, na kwamba Wagiriki wenyewe waliling'amua jambo hilo mapema.

Utangulizi

Paris, mwana wa mfalme Priam wa Troy, alipokelewa kama mgeni nyumbani kwa Menelaus, mfalme wa Sparta, kisha akaondoka na Helen, mke wa mwenyeji wake. Wafalme waliokuwa wamekula kiapo mbele ya Tyndareus, babake Helen, kuilinda ndoa hiyo waliungana chini ya Agamemnon na kuuzingira mji wa Troy kwa miaka kumi. Paris aliuawa kabla ya vita kwisha, mji ukateketezwa na Helen akarejeshwa Sparta. Mapenzi hayo yalibeba maangamizi tangu mwanzo, kwani yalivunja kwa pamoja ndoa na heshima baina ya mgeni na mwenyeji, ambayo Zeus ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Hata hivyo, katika Iliad suala la nani wa kulaumiwa halijafungwa: Helen anajilaumu mwenyewe, ilhali mzee Priam anamwambia kwamba wenye lawama ni miungu.

Waandishi wa karne ya 5 K.K.

Herodotus anaeleza kwamba, kwa mujibu wa makuhani wa Misri, Helen hakufika Troy kamwe. Alizuiliwa Misri na mfalme Proteus. Herodotus anaikubali kauli hiyo kwa hoja ya kiutawala: lau Helen angekuwamo mjini, Priam angemrejesha, kwa kuwa hakuna mtawala mwenye akili timamu ambaye angewaacha wanawe na raia wake waangamie ili mwana mmoja abaki na mke wa mtu.

Thucydides anakwenda mbali zaidi. Kwake, Agamemnon alikusanya majeshi kwa sababu ya nguvu zake, hususan za majini, na waliomfuata walisukumwa na hofu kuliko kiapo. Hata urefu wa vita anaueleza kwa uhaba wa fedha na chakula, uliolilazimu jeshi kugawanyika ili kulima na kupora.

Euripides aliyapeleka maswali hayo jukwaani. Tamthilia yake kuhusu wanawake wa Troy ilioneshwa Athens mwaka 415 K.K., muda mfupi baada ya Waathens kuwaua wanaume wa kisiwa cha Melos na kuwafanya wanawake na watoto kuwa watumwa. Mwaka 412 K.K., baada ya jeshi la Athens kuangamia Sicily, alionesha tamthilia ambamo Helen halisi yuko Misri, na majeshi yamepigania sanamu yake iliyofinyangwa kwa hewa.

Ushahidi wa nje ya masimulizi

Uchimbaji ulioanzishwa na Heinrich Schliemann mwaka 1870 huko Hisarlık, kaskazini-magharibi mwa Uturuki, ulisaidia kufichua tabaka za miji kadhaa, mmojawapo ukiwa uliteketea takriban mwaka 1180 K.K. Nyaraka za Wahiti zina mkataba wa karne ya 13 K.K. kati ya mfalme Muwatalli wa Pili na Alaksandu wa Wilusa. Wataalamu wengi wanaihusisha Wilusa na Ilios, jina jingine la Troy. Jina Alaksandu nalo linalandana na Alexandros, jina la pili la Paris. Ufanano huo hauthibitishi kwamba ni mtu mmoja. Muhimu ni maudhui ya mkataba: utiifu, urithi wa kiti na wajibu wa kutoa askari. Helen hamo.

Hitimisho

Simulizi ya mapenzi iliwapa watu sababu ya vita iliyo nyepesi kukumbukwa. Thucydides aliwarejesha kwenye majeshi ya majini, fedha na hofu. Kwa watafiti na washauri wa sera, funzo ni la kimbinu. Chanzo cha vita kinapoelezwa kwa kosa la mtu mmoja, hasa asiyekuwa na jeshi, inafaa kuuliza ni nani aliyeamuru merikebu zing'oe nanga, na ni maamuzi ya nani yanayositiriwa na maelezo hayo.