Kabla ya Singapore palikuwa na uwanja wa shule

Miaka 10 imetimia tangu Jumapili ile ya Aprili 17, 2016, timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba kila upande, Shujaa, ilipoilaza Fiji 30-7 mjini Singapore na kutwaa taji lake la kwanza katika msururu wa dunia. Picha za siku ile zimeanza kusambazwa upya. Nahodha Andrew Amonde na kombe. Collins Injera, mchezaji bora wa fainali. Kocha Benjamin Ayimba, ambaye hatunaye tena. Nimezitazama picha hizo mara nyingi, na kila mara linanijia swali moja: hawa vijana waliushika mpira huu wenye umbo la yai kwa mara ya kwanza wapi? Si Singapore, wala si kwenye majukwaa ya Ngong Road tunakojazana siku za mechi. Historia ya raga ya Kenya ni historia ya viwanja vya shule, na ndiyo sehemu tunayoisimulia kwa uchache kuliko zote.

Mchezo wenyewe uliletwa na Mwingereza. Ukishuka pwani ya Waswahili kutoka Lamu, ukapita Mombasa, Tanga na Kilwa, watoto wa ufukweni wanakimbiza mpira wa duara. Raga ilipanda reli ikaenda bara, walikokaa walowezi. Mwaka 1909 maofisa wa serikali ya kikoloni walikuwa tayari wamepambana na walowezi uwanjani. Klabu ya Nondescripts ikaanzishwa mwaka 1923. Kisha zikaja shule: Prince of Wales iliyohamia Kabete mwaka 1931, na Duke of York iliyoanza mwaka 1949. Zote mbili zilikuwa za wavulana wa Kizungu peke yao, na raga ilikuwa sehemu ya malezi yao kama vile sala ya asubuhi. Wavulana wa Kiafrika walisoma Maseno na Alliance, na huko mchezo ulikuwa kandanda.

Uhuru ulibadilisha majina. Prince of Wales ikawa Nairobi School, na Duke of York ikapewa jina la Lenana, yule laiboni wa Wamaasai. Milingoti yenye umbo la herufi H haikung'olewa. Wavulana wa Kiafrika waliopokelewa katika mabweni yale waliikuta pale, wakakuta na walimu wanaofundisha mchezo, wakaingia uwanjani. Mechi ya Lenana na Nairobi School ikawa ya kwao, na uhasama wake mtamu ukarithishwa kwa wadogo zao. Baadaye mashindano ya shule za Nairobi yakapata majina yanayotamkwa hadi leo: Kombe la Prescott na Damu Pevu. Jina hilo la pili nalipenda sana, kwa sababu linasema wazi kinachofanyika pale. Damu changa inaingia, inapevuka.

Lakini damu hiyo ikishapevuka ilimwagwa wapi? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Klabu za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 zilikuwa klabu kwelikweli: uanachama, ada, baa, na desturi za watu waliozoeana tangu enzi za mkoloni. Kijana aliyemaliza shule Ijumaa akiwa shujaa wa kikosi chake, Jumatatu alikuwa mgeni mlangoni. Wapo waliobisha wakafunguliwa, wakacheza na wakang'ara. Lakini kupokelewa nyumbani kwa mtu si sawa na kuwa na nyumba yako.

Mwaka 1977 zikajengwa nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Waliunda timu, wakaiita Mean Machine, wakaingia kwenye Kenya Cup, ligi kuu ya nchi, na katika msimu wao wa kwanza kabisa wakalibeba kombe. Hebu tulifikirie jambo hilo polepole. Timu ya vijana wanaolala mabwenini, wanaokula chakula cha chuo, wenye mitihani shingoni, inazikuta klabu zenye miongo ya mazoea na inazimaliza mwaka uleule wa kuzaliwa. Hakuna timu inayotokea hewani namna hiyo. Raga ile ilikuwa imeshafundishwa miaka minne hadi sita kwenye nyasi za sekondari. Kilichokosekana ni jezi moja ya kuwakusanya waliofundishwa.

Nyumba ya pili ilikuwa Mwamba. Jina hili tumelizoea mno kiasi kwamba hatulisikii tena, na tungepaswa kulisikia. Tazama majina ya klabu nyingine. Harlequin ni jina lililoazimwa kutoka London. Impala ni mnyama wa mbugani. Nondescripts, sijui wangapi wanaoweza kulitamka bila kujikwaa. Kisha ghafla, katika mchezo ulioendeshwa kwa Kiingereza tangu mluzi wa kwanza hadi wa mwisho, inatokea klabu ya Waafrika yenye jina la Kiswahili ambalo kila mama sokoni analielewa. Ni katika klabu hiyo walikokuja kucheza ndugu wawili, Humphrey Kayange na Collins Injera, karibu miaka 30 baadaye.

Kuanzia mwaka huo wa 1977 mvulana wa shule alikuwa na pa kuelekea, na hilo lilibadilisha maana ya kufanya mazoezi. Mkondo nao ukaanza kurudi ulikotoka. Mtu aliyecheza chuoni, awe Mean Machine au Blak Blad ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, akipewa barua ya kwenda kufundisha, alikwenda na mchezo wake. Ramani ya raga ya shule ikapanuka kutoka Nairobi hadi magharibi, kwenye Kakamega High ambayo timu yake inaitwa Barbarians, Maseno, Musingu, Vihiga, St. Peter's Mumias, na miaka ya karibuni Koyonzo na Butula.

Aliyewahi kuufuata msimu wa shule anajua ulivyo. Januari analetwa mwanafunzi mpya, mono mwenye sanduku jipya na viatu vinavyombana, mcheza kandanda kijijini kwao. Anaona mpira unadunda ovyo, haufuati sheria ya mpira mwingine wowote. Wiki za kwanza hapewi hata mpira. Anafundishwa kuanguka. Kisha anafundishwa kumwangusha mwenzake akiwa amepiga magoti, kichwa kikiwa upande salama, bega likitangulia, mikono ikifunga mapaja. Saa kumi na moja alfajiri nyasi zina umande na baridi inauma vidole. Mnene aliyekuwa akitaniwa darasani anagundua kwamba skramu haisimami bila yeye. Mfupi mwenye mbio anapelekwa winga. Mrefu mkimya anainuliwa na wenzake kudaka mpira unaporushwa kutoka nje ya mstari, na kwa mara ya kwanza maishani urefu wake unakuwa mali.

Kwa miaka mingi ratiba imekuwa muhula wa kwanza raga ya 15, muhula wa pili ya saba. Timu inaanzia kaunti, inapanda kanda, kisha taifa, na wenye bahati wanafika mashindano ya shule za Afrika Mashariki wanakokutana na Waganda. Huwezi kuharakisha mambo haya. Katika mfumo wa vidato vinne, wa kidato cha kwanza alibeba maji. Wa pili alicheza dakika tano za mwisho mechi ikiwa imeshaamuliwa. Wa tatu alivunjwa moyo na jina lake kukosekana kwenye orodha, au alivunjika kidole. Wa nne ndiye aliyewaamsha wengine alfajiri. Mwalimu aliyesimamia miaka hiyo minne hakufanya hivyo kwa mshahara.

Benjamin Ayimba alitoka katika malezi ya namna hiyo. Alisoma Maseno, kule mstari wa ikweta unakopita, akapanda hadi Impala na timu ya taifa, akacheza Uingereza na Cornish Pirates. Aliporudi kama kocha aliifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia la wachezaji saba huko Dubai mwaka 2009, baada ya kuitoa Fiji robo fainali. Argentina ikawazuia hapo. Miaka saba baadaye, mjini Singapore, safari ilipita tena kwa Argentina kwenye nusu fainali, Kenya ikaponyoka kwa tofauti ya pointi tatu, na Fiji wakangojea fainali. Unaweza kusema Ayimba alirudia mtihani uleule hadi akaufaulu. Mwezi uliofuata Injera akavunja rekodi ya dunia ya trai iliyoshikiliwa na Santiago Gómez Cora, Muargentina.

Ayimba alifariki Mei 21, 2021, Nairobi, baada ya kuugua malaria iliyopanda kichwani. Alikuwa na miaka 44. Wiki zake za mwisho wanaraga walikuwa wakichanga fedha za matibabu, na sidhani taifa lililomshangilia lilipaswa kulifikisha jambo hilo kwenye kofia ya michango.

Yaliyofuata baada ya Singapore yanajulikana. Klabu ya Kabras ya Kakamega imekuwa ikilibeba kombe la Kenya Cup kana kwamba ni mali ya familia. Mwaka 2019 vijana wa chini ya miaka 20, Chipu, waliifunga Namibia 21-18 jijini Nairobi wakakata tiketi ya mashindano ya dunia ya vijana nchini Brazil. Shujaa walishushwa daraja mwaka 2023, wakapanda tena 2024.

Kila timu ya taifa inapoyumba, mjadala huwa wa kocha, wa posho na wa viongozi wa chama. Shule haitajwi. Wakati huohuo uwanja wa raga ndio unaokatwa kwanza darasa jipya likihitajika, kwa kuwa ni mkubwa na unaonekana hauna kazi. Mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu chini ya mtaala mpya, na mmoja kati ya mikondo mitatu wanayochagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Imeandikwa vizuri kwenye karatasi. Ningetaka kuona shule ikiulizwa, kabla ya kuruhusiwa kufundisha mkondo huo: nyasi ziko wapi, na mwalimu wa alfajiri ni nani?

Shule zimefungwa kwa likizo ninapoandika haya. Muhula wa pili ukifunguliwa ni zamu ya raga ya saba. Mipira itatolewa stoo na kujazwa upepo, na mono mmoja, ambaye mpaka Machi alikuwa akibeba maji, atapewa mmoja aushike.