Queens League: programu ya zamani, jina jipya

Wadau, leo naweka kompyuta kando kidogo. Queens League, ligi ya wanawake ya Uhispania ya wachezaji saba kila upande, ilianza Mei 2023, miezi michache tu baada ya Kings League ya wanaume aliyoianzisha Gerard Piqué. Kwa lugha yetu, walinakili programu nzima wakabadilisha jina.

Wengi hudhani sheria zake zimetoka kwenye gemu. Kadi za siri, sawa: timu inachomoa kadi na kupewa penalti, au mpinzani mmoja anatolewa nje kwa muda. Lakini ile penalti ya kukimbia na mpira kutoka mbali, kipa akikujia na saa ikihesabu? Hiyo ni ya Marekani. NASL iliitumia tangu 1977: yadi 35, sekunde 5. MLS iliifufua 1996, ikaitupa baada ya msimu wa 1999.

Kinachonikera ni tarehe. Wanaume wa Uhispania wana ligi kuu tangu 1929. Ya wanawake ilitambuliwa kuwa ya kulipwa 2021 tu. Hata hivyo, hapa hawakupewa toleo lililopunguzwa makali: kadi zile zile, saa ile ile.