Ekstensheni ya stima nyumbani (Meru na Embu)

Ekstensheni ni waya wenye plagi upande mmoja na safu ya soketi upande wa pili, unaogawa stima ya soketi moja ya ukutani kwa vyombo kadhaa. Katika kaunti za Meru na Embu haikosekani, kuanzia nyumba za kupanga za Makutano hadi nyumba za mbao za Manyatta na Runyenjes. Kwingine si nyongeza ya nyaya za nyumba. Ndiyo nyaya zenyewe.

Hali hiyo ina sababu zake. Mabwawa ya Mto Tana kwenye mpaka wa Embu yamezalisha stima tangu Kindaruma ilipoanza kazi mwaka 1968, na Gitaru, yenye megawati 225, ndiyo kituo kikubwa zaidi cha nguvu za maji nchini Kenya. Hata hivyo vijiji vingi vya jirani viliendelea kuziona nyaya kubwa zikipita juu tu, hadi mradi wa Last Mile ulipoanza mwaka 2015 kwa wakazi walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, na ada ya kuunganishwa ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Nyumba isiyofungwa nyaya iliweza kupata ubao mdogo wenye swichi, balbu na soketi moja au mbili. Kutoka hapo ekstensheni huenda sebuleni, nyingine huchomekwa ndani yake hadi chumba cha kulala, na ya tatu hutokea dirishani kwenda banda la vifaranga.

Stima ya Kenya ni volti 240, na plagi yake ya pini tatu za mstatili hufuata kanuni ya Uingereza ya mwaka 1947, BS 1363. Ndani ya plagi hiyo mna fyuzi isiyozidi ampea 13. Kwa hiyo ekstensheni nzima, iwe na matundu manne au manane, imepewa wati 3,120 na si zaidi. Runinga, dikoda, redio na chaja za simu zote kwa pamoja hazisumbui kiwango hicho. Wasumbufu ni vyombo vya joto, na katika miinuko ya Mlima Kenya, baridi ya Juni na Julai inapoanza kuuma Timau na Nkubu, ndivyo huwashwa kwa pamoja: jagi la wati 2,000, hita ya wati 2,000, koili ya kuchemshia maji ya kuoga, pasi ya sare za shule.

Jagi na hita hiyo pamoja huvuta karibu ampea 17. Wengi hudhani fyuzi itakatika papo hapo. Haikatiki. Kanuni ya fyuzi hizi, BS 1362, inataka fyuzi ya ampea 13 ivumilie mara 1.6 ya kiwango chake, yaani karibu ampea 21, kwa nusu saa bila kukatika. Fyuzi iliwekwa kukinga dhidi ya shoti na mzigo uliopita kiasi kabisa; mzigo uliozidi kidogo huachiwa waya uubebe. Na joto la waya hupanda kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Sehemu ya kwanza kuumia ni pale pini inapogusana na bati la ndani ya soketi. Plastiki huanza kugeuka rangi ya chai kuzunguka tundu, kisha hutoa harufu kali inayofanana na ya samaki. Ekstensheni iliyofika hapo haitengenezwi, hutupwa. Anayeikata plagi na kufunga nyingine huwa amebadilisha sehemu ambayo haikuwa na shida.

Unene wa waya ndio jambo la kuuliza dukani kabla ya bei. Waya wa kubeba ampea 13 huwa na shaba ya milimita mraba 1.25 au 1.5, na kipimo hicho huchapishwa kwenye ganda lake. Wa 0.75 hubeba ampea 6 tu, hata ukifungwa kwenye plagi yenye fyuzi ya 13. Pini ndefu ya plagi, ya waya wa athi, iwe ya metali. Ikiwa ya plastiki, ekstensheni hiyo haina athi, na pasi ikipata hitilafu bodi yake inaweza kumpiga mtu stima. Soketi zenye matundu yanayokubali plagi za kila nchi zinavutia macho, lakini hazishiki pini sawasawa na nyingi hazina vifuniko vya ndani vya kuzuia kidole cha mtoto. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, huwa na namba chini yake. Mnunuzi hutuma SM, alama ya reli na namba hiyo kwenda 20023, akajibiwa bidhaa ni ya nani.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wamelizoea: kusukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu hufunguka, plagi huingia, lakini pini nyembamba hucheza ndani na kutoa cheche. Adapta ya shilingi chache humaliza tatizo hilo.

Stima ikipotea wakati wa mvua za Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba, mti ukiwa umeangukia nyaya, inaporudi huweza kurudi na volti za juu. Ekstensheni yenye kinga hutumia varista, kipande kinachochakaa kila kinapopigwa, na bila athi kazi yake hupungua sana. Gadi ya friji ni kifaa kingine: hukata stima volti zikishuka au kupanda, na husubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Radi ikipiga karibu, hakuna cha kushinda kuchomoa plagi.

Ekstensheni isipite chini ya zulia wala isipigiliwe misumari ukutani, hasa ukuta wa mbao. Ile ya kuviringishwa ifunguliwe yote kabla ya kubeba mzigo, kwa maana waya uliojikunja hauna pa kutolea joto. Koili haifai kuwashwa kutoka soketi iliyolala kwenye sakafu yenye maji. Huwekwa kwanza ndani ya ndoo, kisha ndipo swichi iwashwe, na maji hayaguswi mpaka izimwe na kuchomolewa. Moto ukitokea, swichi kuu huzimwa kwanza na maji hayamwagwi.

Nyumba inayotegemea ekstensheni mbili kila siku inahitaji soketi mpya ukutani, na hita na jagi kila moja itumie yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, kazi hiyo hufanywa na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na mteja anaweza kuomba kuiona leseni hiyo kabla ukuta haujachimbwa.