Nani hasa anapanga bei ya stima ya Malinya?

Uzi huu ni mrefu kidogo, kwa hivyo kama uko kwa matatu soma polepole.

Nilikuwa nyumbani Malinya juzi. Kwa walio mbali: ni Ikolomani, Kakamega, pale watu hujaa uwanjani kuona fahali wakipigana. Senje wangu ana poshomili sokoni. Mahindi yanasagwa, watu wanangoja zamu, na watu wakingoja zamu lazima siasa iingie. Mmoja akasema gavana akitaka anaweza kushusha bei ya stima kesho asubuhi. Mwingine akasema hapana, hiyo ni kazi ya Nairobi. Senje akanigeukia: "Wewe ndio unasomea hayo mambo. Nani anapanga hii bei? Niambie nijue mlango wa kubisha."

Nikajibu haraka, kwa ile sauti ya mtu wa chuo: serikali kuu, kaunti haihusiki kabisa. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akatikisa kichwa. "Katiba inataja kaunti pia, kijana. Kasome."

Nilienda nikasoma. Mwalimu alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimejibu nusu tu. Huu uzi ni deni langu kwake.

Tuanze mbali, Zanzibar. Historia ambayo kampuni ya umeme yenyewe husimulia inaanza 1875, Sultani Seyyid Barghash alipopata jenereta ya kuangaza kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka wa 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akainunua, na kampuni ya umeme ya Mombasa ikazaliwa. Mwaka huohuo, injinia aitwaye Clement Hirtzel akapewa haki ya kuuza stima Nairobi, yeye peke yake. Mwaka wa 1922 kampuni hizo mbili zikaungana zikawa East African Power and Lighting.

Shika hayo maneno, yeye peke yake. Huo ndio mwanzo wa udhibiti wa stima kwetu: serikali ya kikoloni inatoa haki, kampuni inauza, na anayelipa hajaulizwa kitu.

Halafu kuna kisa ambacho watu wa magharibi tungekijua zaidi. Mwaka wa 1954 ikaundwa Kenya Power Company, kazi yake ikiwa kujenga laini ya kuleta umeme wa bwawa la Owen Falls, Uganda, kutoka Tororo hadi Nairobi. Angalia ramani. Ukitoka Tororo kwenda Nairobi huwezi kukwepa magharibi mwa Kenya. Stima ilipita juu ya vichwa vya babu zetu ikielekea mjini, nao wakaendelea na koroboi. Mpango wa kitaifa wa stima vijijini ulikuja 1973, na kwetu nyumbani taa iliwaka nikiwa shule ya msingi, baada ya ule mradi wa 2015 ulioshusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Piga hesabu mwenyewe, kutoka 1954.

Miaka hiyo yote, nani alikuwa akipanga bei? Waziri. Kampuni inaomba, waziri anakubali au anakataa, na serikali hiyohiyo ndiyo mwenye hisa mkubwa. Mwenye timu ndiye refa. Mwaka wa uchaguzi bei inaogopwa kuguswa, mwaka unaofuata kampuni inalia hasara.

Miaka ya 1990 wafadhili, Benki ya Dunia ikiwa mbele, walibana: hakuna mikopo ya kawi bila mageuzi. Ndipo ikaja sheria ya 1997. Kuzalisha kukatengwa na kuuza. Upande wa kuzalisha ukawa KenGen, na upande wa kusambaza ukabaki Kenya Power and Lighting. Na kwa mara ya kwanza akawekwa refa ambaye si waziri, bodi ya kudhibiti umeme. Sheria ya 2006 ikageuza bodi hiyo kuwa tume, ikaongezewa mafuta ya petroli. Sheria ya Kawi ya 2019 ikaigeuza tena ikawa EPRA, hii tunayoisikia kila tarehe 14 ikitangaza bei ya petroli. Majina matatu kwa chini ya miaka 25. Sitaki kusema ni majina tu, kwa sababu mamlaka yaliongezeka kila mara. Lakini kiti kilibaki Nairobi.

Sasa Katiba ya 2010, pale mwalimu aliponishika.

Jedwali la Nne linagawanya kazi. Upande wa serikali kuu, nambari 31: sera ya kawi, ikiwemo usambazaji wa stima na gesi na udhibiti wa kawi. Upande wa kaunti, nambari 8, chini ya mipango na maendeleo ya kaunti: usambazaji wa stima na gesi na udhibiti wa kawi. Umeona? Ni maneno yaleyale, yamewekwa pande zote mbili. Tofauti ni neno moja, "sera", ambalo liko juu pekee. Kifungu cha 186 kinasema kazi iliyopewa ngazi zote mbili ni ya pamoja. Sawa, ya pamoja, lakini nani anaanzia wapi? Katiba haikusema. Ikaachia Bunge.

Bunge lilichukua karibu miaka tisa kujibu, na jibu liko nyuma kabisa ya Sheria ya Kawi ya 2019, kwa jedwali ambalo watu wengi hawafiki. Kaunti itengeneze mpango wake wa kawi na kuupeleka kwa waziri. Kaunti ishughulikie taa za barabarani, mambo ya kuni na makaa, kutenga ardhi ya miradi. Leseni ya kuzalisha stima, leseni ya kuiuza na bei ya kila uniti vikabaki kwa EPRA. Kwa maneno ya sokoni: kaunti ilipewa nguzo ya taa, Nairobi ikabaki na mita.

Kama unadhani natia chumvi, fungua SMS yako ya tokeni. Kuna bei ya uniti. Kuna gharama ya mafuta, inayobadilika kila mwezi, ndiyo maana mia tano ya mwezi huu si mia tano ya mwezi uliopita. Kuna marekebisho ya dola na ya mfumuko wa bei. Kuna ada ya EPRA, ada ya mamlaka ya maji, asilimia 5 ya stima vijijini, halafu VAT asilimia 16. Tafuta mstari wa kaunti. Hakuna. Gavana hawezi kushusha kitu ambacho hakipiti mkononi mwake. Anayeahidi kwenye jukwaa la kaunti kwamba ataipunguza, muulize ni mstari gani kati ya hiyo.

Na bei hubadilishwa kwa kalamu ya huko juu hata pale inapomgusa mtu wa chini zaidi. Novemba 2018 kiwango cha bei nafuu ya nyumbani kilipanuliwa kikafika uniti 100 kwa mwezi. Aprili 2023 kikarudishwa uniti 30. Kabla ya hiyo ya 2023 EPRA iliitisha vikao vya umma, kama sheria inavyotaka. Hapo sokoni niliuliza nani aliwahi kuhudhuria kikao cha bei ya stima. Walicheka.

Linganisha na maji. Katiba iliipa kaunti huduma za maji waziwazi. Kakamega ina kampuni yake ya maji, mali ya kaunti. Bei bado inaidhinishwa na mdhibiti wa kitaifa, WASREB, lakini bomba likikauka unajua ofisi iko mjini Kakamega, na unajua nani wa kumlaumu wakati wa kura. Stima haina ofisi kama hiyo kwa kaunti. Ndiyo maana Februari 2025 tuliona lile sinema la kaunti ya Nairobi na Kenya Power: kaunti inadai ada za njia za nyaya, kampuni inadai bili, mpaka malori yakamwaga takataka nje ya Stima Plaza. Watu walicheka sana mtandaoni. Mimi niliona Jedwali la Nne pale kwenye lami.

Je, tupeleke bei kwa kaunti basi? Hapa najua wengine mtanirukia.

Zanzibar wana mdhibiti wao, ZURA, tangu 2013, wakati Bara wana EWURA. Lakini umeme mwingi wa Zanzibar unatoka Bara kwa nyaya za chini ya bahari, kwa hivyo anayedhibiti kisiwani bado anategemea bei aliyouziwa. Nigeria walienda mbali zaidi: mwaka wa 2023 walibadilisha katiba na sheria ili majimbo yawe na soko na mdhibiti wao wa umeme. Jimbo la Enugu likaanzisha tume yake, na 2025 tume hiyo ikashusha bei ya wateja wa daraja la juu kutoka naira 209 hadi kama 160. Watu wakashangilia. Wazalishaji wa umeme wakauliza swali moja tu: hiyo tofauti inalipwa na nani?

Hilo swali ndilo linanizuia. Stima ya Kakamega inatoka kwa gridi moja na ya kila mtu: mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Tana, upepo wa Turkana. Leo mtu wa Malinya analipa bei sawa na mtu wa Karen, ingawa kumfikishia stima Malinya ni gharama zaidi. Ukikata bei kaunti kwa kaunti, sina hakika sisi ndio tungeshinda. Bei ibaki kitaifa, kwa maoni yangu.

Lakini bei si udhibiti wote. Transfoma ikilipuka itengenezwe ndani ya siku ngapi? Nani anahesabu hizo siku? Laini mpya ianze kijiji gani? Hayo yangeweza kudhibitiwa kutoka Kakamega bila kugusa gharama ya Olkaria hata kidogo, na nikisoma nambari 8 sioni kinachokataza. Kaunti hazijaidai hiyo nafasi kwa nguvu. Kuahidi bei ni rahisi zaidi, na kunapigiwa makofi.

Kabla nirudi chuo nilipitia kwa senje na jibu langu jipya. Taa za soko, kaunti. Bei ya uniti, EPRA. Nguzo na transfoma, kampuni. Malalamiko yasipotatuliwa na kampuni, peleka EPRA, na ukikataa uamuzi wa EPRA kuna mahakama maalum ya kawi na petroli.

"Hiyo mahakama iko wapi?"

Nairobi, nikasema.

Akaniangalia, akachukua debe la mteja aliyekuwa mbele, akawasha mashine.