Ukame: Mambo ya Kufanya Kabla Hali Haijawa Mbaya

Ukame hauji kwa siku moja kama mafuriko. Mvua ya msimu inakosa, malisho yanapungua, kisima kinatoa maji machache, na mtu anajiambia "labda mwezi ujao". Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilifeli mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa. Msikilizaji, ng'ombe aliyekufa malishoni hana bei, ilhali miezi michache kabla alikuwa nayo.

Jua kaunti yako iko hatua gani
Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame (NDMA) hutoa taarifa kila mwezi kuhusu kaunti 23 kame. Hatua ni 5: kawaida, tahadhari, hatari, dharura na kupata nafuu. Ukisikia "tahadhari", huo ndio wakati wa kuamua. Ukingoja "dharura", soko litakuwa limejaa mifugo iliyokonda.

Mifugo
- Uza mapema wazee na madume usiowahitaji. Bakisha majike machanga yanayozaa.
- Sehemu ya pesa hizo nunua nyasi kavu na dawa ya minyoo.
- Mnyama akifa ghafla, usimpasue wala usimle. Huenda ni kimeta, ambacho huambukiza binadamu pia. Mwite afisa wa mifugo.

Maji
Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ya paa ni lita 1. Kwa hiyo paa la mabati la mita 5 kwa 8, mvua ya milimita 20 ikinyesha, hupokea lita 800, yaani mitungi 40 ya lita 20. Hata mvua haba haifai kupotea. Acha maji ya kwanza yaoshe vumbi, kisha kinga.

Maji ya kunywa yachemshe, au yatie klorini kama pakiti inavyoelekeza, na uyafunike. Mkichimba kisima kwenye mchanga wa mto, mtoto asishuke ndani, kwa kuwa kingo huporomoka.

Chakula na watoto
Panda mtama, ndengu na kunde, ambazo huvumilia ukame kuliko mahindi. Mbegu ya msimu ujao iweke kando, isiingie jikoni.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apimwe mkono kwa utepe wa mhudumu wa afya ya jamii. Chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mvua ikirudi
Ardhi iliyokauka haimezi maji haraka, hivyo mto mkavu unaweza kujaa ghafla hata kama kwako hakujanyesha. Usivuke. Mifugo iliyodhoofika nayo hufa kwa baridi ya mvua za kwanza, kwa hiyo ilaze mahali palipoinuka penye kinga.

Jioni ya leo, keti na watu wa nyumbani mkubaliane mambo mawili: ni mnyama yupi atauzwa kwanza, na nani atafuatilia taarifa ya ukame kila mwezi.