Suruali ya Jinzi na Mji wa Kitengela

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alinunua suruali ya jinzi katika duka lililo karibu na chuo. Lebo ya ndani ilionyesha kwamba imeshonwa Kenya. Tulicheka, kwa sababu tumezoea kuona nguo zikitoka hapa Marekani kwenda kwetu zikiwa mitumba. Hii ilikuwa imekuja kinyume. Tukaamua kuitafutia historia yake, na historia hiyo ikatupeleka Athi River, kama kilomita 25 kusini mashariki mwa Nairobi, na mji jirani wa Kitengela.

Athi River palikuwa mahali pa viwanda tangu zamani. Tume ya Nyama ya Kenya ilianzishwa mwaka 1950, na saruji pia ilitengenezwa hapo. Mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuanzisha maeneo ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje, ambayo Wakenya huyaita EPZ. Kampuni inayoingia humo husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10 ya kwanza, na mashine na malighafi zake huingia nchini bila ushuru.

Mwanzoni mambo yalikwenda polepole. Kisha mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya AGOA, iliyofungua soko lake kwa nguo za nchi nyingi za Afrika bila ushuru. Viwanda vya nguo vikaongezeka haraka. Baada ya miaka michache EPZ za Kenya zilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, wengi wao wanawake.

Hapo tukajiuliza: ikiwa kampuni imesamehewa kodi, na kitambaa kingi kinatoka Asia, wenyeji wanapata nini? Tunaona kwamba jibu kubwa ni mshahara. Faida iliyovuka ukuta wa EPZ ilivuka ikiwa mfukoni mwa mfanyakazi.

Shangazi ya mwenzetu mwingine alishona huko kuanzia mwaka 2001, nasi tulizungumza naye kwa simu. Kazi yake ilikuwa mifuko ya nyuma tu, kutwa nzima. Alipanga chumba cha mabati Kitengela pamoja na msichana mwingine ili wagawane kodi. Tulimwomba atutajie watu aliowalipa kila mwisho wa mwezi. Akaanza na mwenye ploti, kisha mama aliyemkopesha githeri langoni, muuza maji wa mkokoteni, mama mboga, jirani aliyemlelea mtoto, na mchango wa chama. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulipita mikono mingi kabla haujaisha. Yule mama wa githeri, alituambia, alisomesha watoto wawili hadi sekondari kwa sufuria ile.

Wenye ploti nao wana historia yao. Sehemu kubwa ya Kitengela ilikuwa ranchi ya pamoja ya Wamaasai, ikagawanywa mwaka 1988, na wengi wakaanza kuuza vipande vya ardhi. Wapangaji walipofika, ardhi ya kujenga ilikuwapo. Katika sensa ya 2009 mji ulikuwa na watu wasiofika 60,000. Mwaka 2019 walikuwa 154,436. Hatusemi EPZ peke yake ndiyo iliyoleta watu wote hao. Viwanda vya saruji, barabara ya Namanga na wafanyakazi wa Nairobi waliotafuta nyumba za bei nafuu walichangia pia.

Lakini kinachopita kwenye mshahara hukatika mshahara unapokatika. Januari 2003 wafanyakazi wa EPZ waligoma, wakidai malipo na hali bora za kazi. Kwa maoni yetu huo haukuwa ugomvi wa wafanyakazi na waajiri tu, maana kila shilingi iliyoongezwa ingefika pia kwenye vibanda vya Kitengela. Mwaka 2005 mkataba wa kimataifa uliogawa mafungu ya biashara ya nguo ulipokwisha, China na nchi nyingine za Asia zikauza kwa wingi zaidi, na baadhi ya viwanda vya Kenya vikafungwa. Shangazi alipoteza kazi wakati huo. Mama wa githeri naye alipoteza wateja, ingawa hakuwahi kuajiriwa na kiwanda chochote.

Kuna na gharama nyingine. EPZ iko Machakos, lakini Kitengela iko Kajiado. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, maji, taka na barabara za wapangaji hao ni mzigo wa kaunti isiyokuwa na viwanda hivyo. Na nyumbu waliozoea kutoka Mbuga ya Nairobi kwenda malishoni kusini sasa hukuta nyua za waya.

Mwaka 2015 Kenya ilitunga sheria mpya ya maeneo maalumu ya kiuchumi, na Naivasha ni mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Viongozi watahesabu viwanda na dola. Sisi tungependa wahesabu pia vyumba, mabomba ya maji, shule, na kiasi kinachobaki mkononi mwa mshonaji baada ya kulipa kodi ya nyumba. Kitengela inatuonyesha kwamba mji hufaidika kwa kadiri wafanyakazi wake wanavyolipwa.

Kabla ya kukata simu shangazi alituuliza bei ya suruali. Tulipomtajia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mshono wa mfuko wa nyuma umenyooka. Tukaenda kuutazama. Umenyooka.

Msomaji, kama kuna jamaa yako aliyefanya kazi EPZ, mpigie umuulize alimlipa nani kila mwisho wa mwezi, kisha utuandikie.