Kiwiliwili Kikubwa, Jicho Dogo: Historia ya Kamera ya Daraja Hadi Miteremko ya Kianjokoma

Kianjokoma, kituo cha biashara kilichoko katika Kaunti ya Embu kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, ni mahali ambapo mashamba ya chai hupanda hadi karibu na msitu, na ambapo asubuhi nyingi, hasa za msimu wa mvua, huanza chini ya ukungu unaoficha kilima cha jirani. Mazingira ya namna hii yanafaa kupimia mzozo wa muda mrefu kati ya aina mbili za kamera zilizouzwa kwa wingi katika miaka 20 ya mwanzo wa karne hii. Ya kwanza ni kamera ya mfukoni, yaani kijisanduku chembamba ambacho lenzi yake hujitokeza inapowashwa na kujirudisha ndani inapozimwa. Ya pili ni ile ambayo watengenezaji waliiita kamera ya daraja, yenye mshikio mnene, kidirisha cha kuchungulia kwa jicho, na lenzi isiyobanduliwa ambayo huweza kuvuta karibu kitu kilicho mbali sana. Bahati ya lugha imelifanya neno daraja kubeba maana mbili katika Kiswahili, kivuko na cheo, na historia ya kamera hii inaonyesha kwamba wanunuzi wengi waliisoma kwa maana ya pili, ilhali jina lenyewe lilitolewa kwa maana ya kwanza.

Mazoea ya kuamini kamera kubwa hayakuzuka bure. Upigaji picha ulipoingia Afrika Mashariki, ukianzia kwenye studio za pwani kama ile ya A. C. Gomes huko Zanzibar katika nusu ya pili ya karne ya 19, picha ilinaswa kwenye bamba la kioo lililopakwa kemikali zenye madini ya fedha, na ukubwa wa bamba hilo ndio uliopanga ukubwa wa sanduku zima. Vifaa hivyo vilikuwa mizigo ya wapagazi. Msafara wa Halford Mackinder, uliofika Batian, kilele cha Mlima Kenya, tarehe 13 Septemba 1899, ulirudi Uingereza na picha za mlima. Na ofisa wa kikoloni Granville Orde Browne, aliyetumika katika eneo la Embu, alichapisha mwaka 1925 kitabu kuhusu jamii za miteremko ya kusini ya mlima huo, kikiwa na picha za watu ambao hawakuulizwa sana namna walivyotaka kuonekana. Katika zama hizo aliyebeba kamera kubwa alibeba pia jicho kubwa, kwa sababu eneo lililopokea mwanga lilikuwa pana kadiri ya sanduku. Kamera ya Brownie iliyotolewa na Kodak mwaka 1900 kwa bei ya dola moja iliwapa watu wa kawaida sanduku jepesi, lakini sheria hiyo haikuivunja.

Iliyoivunja ni filamu ya milimita 35. Tangu Leica ilipoanza kuuzwa mwaka 1925, fremu ya milimita 36 kwa 24 ilienea polepole hadi ikawa kipimo cha karibu kila mtu, na matokeo yake ni jambo ambalo wengi wamelisahau: kamera ya mfukoni na kamera kubwa ya mwanahabari zilitumia filamu ileile, iliyonunuliwa katika duka lilelile na kusafishwa katika maabara ileile. Konica C35 AF ya mwaka 1977 ilikuwa kamera ya kwanza ya aina hiyo ndogo kuuzwa ikiwa na uwezo wa kujilenga yenyewe, na Pentax Zoom 70 ya mwaka 1986 iliiongezea kamera ndogo lenzi ya kuvuta, kutoka milimita 35 hadi 70. Tofauti iliyobaki kati ya ndogo na kubwa ilikuwa ya lenzi na ya ustadi wa mpigaji, wala si ya ukubwa wa jicho.

Jina la daraja lilizaliwa katika mazingira hayo, mwishoni mwa miaka ya 1980, pale Ricoh Mirai na Chinon Genesis zilipotokea mwaka 1988, zikifuatiwa na Olympus IS-1000 mwaka 1990. Kamera hizo zilikusudiwa kuvusha mnunuzi kutoka kamera ya mfukoni hadi kamera ya kioo, yaani ile ambayo mpigaji huona kupitia lenzi yenyewe kwa msaada wa kioo cha ndani na ambayo lenzi zake hubadilishwa. Olympus IS-1000 ilikuwa na kioo hicho, ikavuta kutoka milimita 35 hadi 135, na ikatumia fremu kamili ya filamu. Lilikuwa daraja la kweli, kwa kuwa kingo zake mbili zilisimama kwenye ardhi moja.

Zama za dijitali zililihamisha. Badala ya filamu kilikuja kihisi, kipande cha silikoni kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara za umeme, na kwa kuwa kihisi kikubwa kilikuwa ghali mno, watengenezaji waliweka kile kidogo katika kamera za mfukoni na, bila kelele nyingi, katika kamera za daraja pia. Olympus C-2100 Ultra Zoom ya mwaka 2000 ilivuta mara 10 na ilikuwa na mtambo wa kutuliza mtikisiko wa mkono. Panasonic FZ1 ya mwaka 2002 ilifika mara 12. Canon SX50 HS ya mwaka 2012 mara 50. Nikon P900 ya mwaka 2015 mara 83. Na Nikon P1000 ya mwaka 2018 ikafika mara 125. Katika mbio hizo lenzi ilirefuka mwaka hata mwaka, lakini kihisi cha hizo tatu za mwisho kilibaki na upana wa takriban milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6, kidogo kuliko punje ya kahawa, na eneo lake ni kama sehemu moja ya 30 ya fremu ya filamu ya zamani.

Haifai kuuona udogo huo kuwa ulaghai mtupu, kwa sababu ndio uliowezesha maajabu yenyewe. Urefu wa fokasi ni umbali kati ya kitovu cha lenzi na mahali inapokusanya miale ya kitu kilicho mbali, na kadiri kihisi kinavyokuwa kidogo ndivyo urefu mfupi unavyotosha kukijaza kwa kitu hicho. Tangazo la Nikon P900 lilitaja milimita 2000, lakini urefu halisi wa lenzi hiyo unapovutwa hadi mwisho ni milimita 357. Ile 2000 ni hesabu ya kulinganisha na fremu ya filamu. Kwa tundu la f/6.5, ambalo maana yake ni kwamba urefu wa fokasi umegawanywa kwa 6.5 ili kupata kipenyo cha njia ya mwanga, lenzi ya milimita 357 inahitaji kipenyo cha milimita 55 hivi. Lenzi halisi ya milimita 2000 yenye tundu hilohilo ingehitaji zaidi ya milimita 300, upana wa sufuria ya ugali wa nyumba nzima, na hakuna ambaye angeipandisha nayo njia ya msituni.

Mlinganisho ulio wa haki zaidi ni wa mwaka mmoja. Katika 2018 Canon ilitoa SX740 HS, kamera ya mfukoni yenye uzito wa gramu 299 na lenzi inayolingana na milimita 24 hadi 960, na Nikon ikatoa P1000, kamera ya daraja yenye uzito wa gramu 1,415 na lenzi inayolingana na milimita 24 hadi 3000. Vihisi vyao vina ukubwa uleule. Mwenye P1000 alibeba karibu mara tano ya uzito ili apate umbali zaidi, kidirisha cha kuchungulia kinachosaidia juani, na mshikio unaotuliza mikono, na hayo si madogo; ila picha ya ana kwa ana katika sherehe ya mahari, au ya wanafunzi waliojipanga mbele ya darasa, haikupata kutoka kwake ubora ambao ile ndogo isingeweza kuukaribia. Mteja anayelipa zaidi kwa sababu mpigaji ameshika kamera nene, mara nyingi hulipia kiwiliwili.

Kianjokoma hudhihirisha jambo hili kuliko chumba cha majaribio. Ndani ya msitu wa Mlima Kenya, ambako mbega na shorobo hukaa juu ya matawi, mwanga ni haba hata saa sita mchana, na lenzi ya kuvuta hupunguza mwanga zaidi kadiri inavyorefushwa, hadi f/8 katika P1000. Kihisi kidogo kikikosa mwanga hutoa chengachenga, yaani madoadoa ya rangi zisizokuwapo, na manyoya ya ndege hugeuka uji. Wauzaji walipenda kuonyesha uwezo wa P900 kwa picha ya mwezi, ulio umbali wa takriban kilomita 384,000, na hawakusema kwamba mwezi mpevu huangazwa na jua moja kwa moja, hivyo ni rahisi kuupiga kuliko mbega aliye kwenye kivuli umbali wa mita 40. Ukungu nao hauna dawa ya lenzi, kwa kuwa kuvuta karibu huvuta pamoja na matone yote ya maji yaliyo katikati.

Ukishuka hadi nyanda za Mbeere, katika kaunti hiyohiyo, kikwazo hubadilika. Hewa yenye joto inayopanda kutoka ardhini hupindisha miale, na kufikia saa nne asubuhi kitu cha mbali hutetemeka katika kidirisha kana kwamba kiko chini ya maji. Hata hivyo ni huko, katika Hifadhi ya Taifa ya Mwea kando ya mabwawa ya Kamburu na Masinga, kati ya mapambazuko na saa tatu asubuhi, ambapo kamera ya daraja hupata haki yake kamili: kuna jua, kuna uwazi, na viboko hawakaribiwi kwa miguu. Kwa ndege wa majini walio mbali na ukingo, hakuna kamera ya mfukoni iliyopata kuifikia.

Kamera zote mbili zilipatwa na pigo moja. Watengenezaji wa Kijapani walisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 mwaka 2010, nyingi mno zikiwa za mfukoni na za daraja, lakini kufikia 2019 jumla ya aina zote ilikuwa imeporomoka hadi milioni 15 hivi, kwa sababu simu ilipiga picha na kuituma papo hapo. Iliyoumia zaidi ni ya mfukoni, kwani simu ilikaa katika mfuko uleule. Ya daraja ilisalia na ngome moja, nayo ni umbali, na Februari 2025 Nikon ilitangaza P1100 kuwa mrithi wa P1000, ikiwa na lenzi ileile ya mara 125 na kihisi chenye ukubwa uleule, kidogo kuliko punje ya kahawa.